Je, Wajua? Kuku Anapokufa Bila Kuaga

Je, wajua kwamba daktari wa mifugo anayeijua kazi yake haanzi na dalili? Huanza na hesabu: wamekufa wangapi, wa umri gani, ndani ya siku ngapi? Ana sababu. Kuku akiugua, ugonjwa uwe wowote, hujikunyata pembeni, husimamisha manyoya, hushusha mabawa na kusinzia. Ukimpigia mtaalamu simu ukamwambia "kuku amezubaa", hujamwambia kitu. Mwambie vifaranga wa siku tatu wanakufa, atakuuliza joto la malezi na kitovu. Mwambie wa wiki nne wanaharisha, mawazo yataenda kwenye kuhara damu na Gumboro. Tembe wa miezi minne anaburuta mguu mmoja, hiyo ni habari nyingine kabisa. Banda zima limefagiwa ndani ya juma moja, wakubwa kwa wadogo, na jirani naye analia: hapo mdondo ndio mshukiwa wa kwanza.

Mshukiwa, nasema. Huku kwetu kila kuku anayekufa ni wa mdondo, au kideri kama wengine wanavyouita; na asipokuwa wa mdondo, basi ni jirani mwenye kijicho. Washukiwa wote wawili huhukumiwa mchana huohuo, na ushahidi umelala uani miguu juu hakuna aliyeugusa.

Basi tuuguse. Papasa gole, pale chini ya shingo. Likiwa limejaa, kuku alikula muda mfupi kabla ya kufa, kwa hiyo kifo kilikuja ghafla: sumu, joto, kuumwa na nyoka, au ugonjwa mkali usiotoa nafasi. Likiwa tupu, aliacha kula muda mrefu kabla hujaona. Kisha shika kidari. Mfupa ukikukata vidole kwa ukali na nyama ya pembeni imekwisha, huyo ameugua wiki nyingi, na yule anayesema "jana tu alikuwa mzima" hakumtazama vizuri.

Kumtazama vizuri, kwa kweli, si rahisi. Kuku huficha ugonjwa kadiri awezavyo, maana akionekana dhaifu wenzake humdonoa na kumnyima chakula. Wa kumtazama ni yule wa mwisho kushuka alfajiri, na yule anayekuja kwenye pumba akasimama bila kudonoa.

Je, wajua kuna mambo ya kuku yanayosikika usiku tu? Ingia bandani wakiwa wamelala, zima tochi, nyamaza dakika kadhaa. Mchana makelele yao hufunika kila kitu. Usiku utasikia nani anakoroma, nani anapiga chafya, nani anahema kwa shida. Kisha washa tochi uchunguze nyufa za fito na mbao. Kupe laini wa kuku hushinda humo mchana kutwa na kutoka gizani kunyonya damu, ndiyo maana mwenye kuku huona panga zimepauka na tembe wanadhoofu, lakini akimkagua kuku mchana hamkuti mdudu. Kupe hao pia hueneza bakteria wa damu anayeleta homa na kinyesi cha kijani, akivimbisha bandama mpaka iwe na mabaka. Kwa macho ya nje utaapa ni mdondo. Tofauti ni kwamba ugonjwa huu wa kupe husikia penisilini, na mdondo hausikii dawa yoyote.

Kinyesi cha kijani peke yake, kwa hiyo, si hukumu. Kuku yeyote aliyeacha kula hunya kijani, kwa kuwa kinachotoka ni nyongo bila chakula. Hata ule uji wa kahawia, mzito, unaonuka kuliko kawaida, unaotoka mara moja moja kati ya vinyesi vingine, ni wa kawaida. Unatoka kwenye vifuko viwili vya mwisho wa utumbo. Ile sehemu nyeupe juu ya kinyesi ndio mkojo wake.

Sumu je? Ipo, tena mara nyingi haikuwekwa na mtu. Mbegu za mahindi za dukani hupakwa dawa ya wadudu na ukungu na kutiwa rangi kali ili mtu asizile. Kuku hajali rangi hiyo. Msimu wa kupanda akifukua shimo moja baada ya jingine nyuma ya mkulima, jioni anaanguka. Kabla hujamwita mwenyekiti wa mtaa kumshitaki mtu, pasua gole utazame kama kuna punje za waridi au kijani. Sumu ya panya ya aina nyingi huzuia damu kuganda, kwa hiyo utakuta damu imevuja tumboni au chini ya ngozi bila jeraha la maana.

Je, wajua jiko la mkaa linaweza kuua vifaranga ambao hawana ugonjwa hata mmoja? Picha ni ileile kila mahali. Chumba kidogo, madirisha yamezibwa kwa mifuko ya sandarusi kuzuia baridi, jiko katikati, vifaranga mia wameletwa jana. Asubuhi nusu wamelala kifudifudi, mabawa yamekunjuka, hakuna kuhara, hakuna kamasi. Mwenye nyumba anakimbilia duka la dawa za mifugo akirudi na antibiotiki. Mpasue mmoja: nyama na damu ni nyekundu ya kung'aa kuliko ulivyozoea. Hiyo ni kazi ya kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoshikamana na damu na kuinyima nafasi ya kubeba oksijeni. Na mtu aliyelala humo kuwalinda yuko hatarini vilevile, kwa hiyo fungua dirisha kwanza, mengine baadaye. Kama vifo vilikuwa vya kukanyagana kwa baridi, utawakuta wamerundikana kona moja, wa chini wamebanwa bapa, na rangi ya nyama haijabadilika.

Asubuhi nyingine vifaranga wamebaki mifupa na manyoya: siafu. Kuku wameng'atwa shingo, wengi kwa mpigo, na hawakuliwa: mnyama mdogo jamii ya kicheche au nguchiro. Amepotea mmojammoja bila alama: panya buku, paka, au binadamu.

Shingo inasema mengi, ila kila ugonjwa una lugha yake. Ikipinda na kujisokota, kichwa kikageukia mgongoni, hasa kwa kuku aliyenusurika baada ya wenzake kufa, mdondo umepita kwenye mishipa ya fahamu. Ikilegea kabisa, kichwa kikalala mchangani kana kwamba hakina mfupa, manyoya yakang'oka ukiyagusa tu, tafuta mzoga ulipo: amekula funza waliojaa sumu ya botulizimu. Na ikinyooka nyuma, macho yakitazama angani, huenda amekosa vitamini B1.

Hiyo B1 ina kisa chake. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari wa Kiholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa Batavia, ndiyo Jakarta ya leo, akitafuta kijidudu cha beriberi, maradhi yaliyokuwa yakiwapoozesha watu huko. Kuku wa maabara yake wakaanza kupepesuka. Miguu ikalegea, wakaanguka, wakafa. Aliwapima asione kijidudu. Kisha, bila dawa, waliobaki wakapona. Kufuatilia, ikajulikana kwamba kwa muda walikuwa wamelishwa makombo ya wali mweupe wa hospitali ya jeshi, mpaka alipokuja mpishi mpya aliyekataa chakula cha askari kuliwa na kuku wa kiraia. Wakarudishiwa mchele wa bei nafuu wenye ganda lake, na ganda ndilo lililokuwa na dawa. Mwaka 1929 Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel, na mpishi hajulikani hata jina. Kwa mfugaji wa mjini anayelea kuku kwa ukoko na makombo ya wali peke yake, kisa hiki ni cha jana: pumba za mpunga unazozipita mashineni zina kile ambacho mchele umevuliwa.

Na hapohapo kuna kosa linalofanyika kila siku kwenye ndoo za maji. Je, wajua kwamba amproliamu, dawa maarufu ya kuhara damu, hufanya kazi kwa kujifanya B1? Vimelea vinaimeza vikidhani ni vitamini, vinadumaa. Sasa mfugaji anatoka dukani na pakiti mbili, ya amproliamu na ya vitamini "ya kuwapa nguvu", anazikoroga pamoja. Amewapa vimelea adui na mkombozi kwenye bakuli moja. Vitamini zingoje dozi iishe.

Kuhara damu kwenyewe kunapenda maranda yaliyolowa. Mayai ya vimelea yakitoka kwenye kinyesi hayawezi kuambukiza papo hapo. Yanahitaji unyevu, joto na siku moja au mbili kukomaa. Ndiyo maana chombo cha maji kinachovuja kinaua kuliko unavyodhani. Lakini si kila kuhara damu kunaonyesha damu: kuna aina saba za vimelea hivi zinazotambuliwa kwa kuku, na ni baadhi tu zinazotoa damu ya kuonekana. Zingine hudhoofisha kimyakimya.

Je, wajua Gumboro ni mahali? Ni kijiji cha jimbo la Delaware, Marekani, ambako ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1962. Virusi vyake hushambulia kifuko kidogo kilichopo juu ya tundu la haja, kiwanda cha kinga ya kifaranga. Vifo hupanda ghafla, hufika kilele, na huisha ndani ya wiki hivi, mfugaji akishangilia kwamba dawa aliyowapa imefanya kazi. Haikufanya. Ugonjwa umejimaliza wenyewe, na waliobaki wanaweza kuwa wameharibika kinga, hivyo chanjo ya mdondo watakayopewa baadaye isishike ipasavyo. Mwezi mmoja mbele wanakufa kwa mdondo, lawama inamwendea aliyechanja.

Mdondo wenyewe ulijitokeza mwaka 1926 sehemu mbili zilizo mbali mbali: kisiwa cha Java na mji wa Newcastle upon Tyne, Uingereza. Mtafiti Doyle aliupa jina la mji huo kama jina la muda tu, mpaka lipatikane la kufaa. Karibu miaka mia imepita, la kufaa bado halijapatikana. Ukimpasua kuku aliyekufa kwa aina kali ya mdondo, tazama tumbo la mbele, lile jembamba kabla ya firigisi: vichwa vya tezi zake mara nyingi vina madoa ya damu. Mara nyingi, si kila mara. Kipimo kingine cha uani ni bata. Mdondo ukipiga, kuku huteketea na bata kwa kawaida hubaki wakitembea. Bata nao wakianza kufa, fikiria kingine: sumu, chakula kibovu, au mafua ya ndege.

Kwa hilo la mwisho, kisu kiwekwe chini. Januari 2017 Uganda ilithibitisha mafua ya ndege aina ya H5N8 kando ya Ziwa Viktoria, kwa ndege wa porini kwanza na kisha kwa bata na kuku wa watu. Ukiona ndege wa porini wamekufa, bata wanakufa na kuku wanaanguka kwa mkupuo, usipasue, usichinje, usiuze. Funga banda umpigie afisa mifugo. Hata mdondo, ambao kwa binadamu si hatari kubwa, unaweza kumwachia mpasuaji macho mekundu kwa siku kadhaa.

Je, wajua kifaranga na jogoo la kilo tatu hupewa dozi ileile ya chanjo ya mdondo ya I-2? Tone moja, jicho moja. Ilitengenezwa Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na friji, maana huvumilia joto kuliko zile za kawaida, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoizalisha. Hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Ila haifufui mtu: kuku ambaye tayari ana virusi mwilini atakufa na tone lake jichoni, na mtaa mzima utasema chanjo ndiyo iliyomuua.

Tembe anayelala mguu mmoja mbele, mwingine nyuma? Mahepe, ugonjwa ulioelezwa na József Marek wa Hungaria mwaka 1907. Tenganisha nyama za paja, utaona mshipa wa fahamu mweupe, unaong'aa, wenye vimistari. Fananisha wa kulia na wa kushoto. Mmoja ukiwa umevimba, umepoteza mng'ao na kugeuka rangi ya njano chafu, umepata jibu bila maabara. Chanjo yake, iliyoanza kutumika karibu na mwaka 1970, ilikuwa ya kwanza duniani kuzuia saratani, lakini hutolewa siku kifaranga anapoanguliwa. Virusi vimejaa kwenye vumbi la manyoya, na wiki ya pili ni kuchelewa.

Saratani na kuku ni marafiki wa zamani. Mwaka 1909 mfugaji mmoja alimpelekea Peyton Rous, pale New York, kuku mwenye uvimbe kidarini. Rous alichuja uvimbe ule mpaka zisibaki seli, akawadunga kuku wengine majimaji yake, nao wakaota uvimbe. Aliandika mwaka 1911 kwamba kuna kitu kidogo kuliko bakteria kinacholeta saratani. Nobel yake ilifika mwaka 1966, akiwa na miaka 87.

Chakula pia kiulizwe. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa Uingereza, wataalamu wakauita ugonjwa X kwa kukosa la kusema. Chanzo kilikuwa mashudu ya karanga kutoka Brazil yaliyoota ukungu, na kutoka hapo dunia ikaijua aflatoksini, sumukuvu ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Mahindi yaliyoota ukungu, yale tunayosema "haya ni ya kuku", kuku huyala na ini likapauka na kuwa la njano, ukuaji ukasimama, kinga ikashuka. Vifaranga vya bata huanguka kwanza kuliko wote. Na dagaa wa chumvi wakizidi kwenye mchanganyiko, utaona kiu isiyoisha na kinyesi cha maji. Kipimo chake ni ulimi wako mwenyewe.

Haya ya haraka haraka. Uso umevimba na banda linanuka uozo: mafua makali. Vidonda vya magamba kwenye upanga baada ya mvua: ndui, na mbu ndiye mchukuzi. Kifaranga anayenyoosha shingo na kufungua mdomo akitafuta hewa: pasua koromeo, huenda ukakuta minyoo myekundu, dume na jike wameshikana daima kwa umbo la Y. Ini linalogeuka rangi ya shaba likipigwa na hewa: homa ya matumbo ya kuku. Wazito wamekufa saa nane mchana chini ya bati, midomo wazi: joto, kuku hana jasho. Doa la kijani kwenye ini karibu na nyongo: si ugonjwa, ni nyongo imevuja baada ya kifo.

Ukiamua kupeleka maabara, je, wajua friza huharibu ushahidi? Barafu ikijijenga ndani ya nyama hupasua seli, na mtaalamu wa darubini hapati cha kusoma. Loweka manyoya kwa maji ya sabuni kuzuia vumbi, tia kuku ndani ya mifuko miwili ya plastiki, weka juu ya barafu kwenye ndoo au boksi, ufike siku hiyohiyo au kesho yake. Bora zaidi peleka aliye mgonjwa na yu hai, kabla hajapewa antibiotiki, kwa kuwa bakteria waliouawa nusu hawaoti maabara. Tanzania kuna Wakala wa Maabara ya Veterinari, makao yake Temeke, wenye vituo kanda mbalimbali. Kenya wanapeleka Kabete. Nenda na hesabu yako ya vifo imeandikwa kwa tarehe, na kiganja cha chakula walichokula.

Kibudu hakiliwi, hilo tumekubaliana. Tatizo ni yule anayechinjwa haraka kabla hajawa kibudu. Nyama inapikwa, virusi vinakufa sufuriani. Manyoya, utumbo na maji ya kunyonyolea vinamwagwa jalalani, kuku wa jirani wanavichakura kabla mchuzi haujaiva. Na wale wazima waliobaki hupakiwa kwenye tenga nyuma ya baiskeli kwenda mnadani, "tuokoe hela". Hivyo ndivyo mdondo unavyosafiri kutoka kijiji hadi kijiji.

Je, wajua dawa nyingi za kuoshea banda haziui mayai ya kuhara damu? Hukaa udongoni mwaka na zaidi yakipata unyevu, na virusi vya mahepe hukaa kwenye vumbi miezi kadhaa. Toa maranda yote, choma au fukia, kwangua sakafu, acha jua liingie, na banda likae tupu wiki kadhaa. Kuku wapya wakija, watengwe mbali na wa zamani kwa wiki mbili, wakihudumiwa mwisho, kwa viatu tofauti.